Maswali ya Wasomaji: Alama za Mhadhiri na Rangi ya Ngozi Yake

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walio Marekani na Kanada, wengine wanafundisha, wengine wanasoma. Zote zinazungumzia fomu ile ile, ambayo mwanafunzi huijaza mwisho wa muhula kumpa mhadhiri wake alama. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao tumeyaondoa.

Wahariri, salaam. Mimi ni Mtanzania, nasoma uzamivu hapa Ohio na nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muhula uliopita nilipata wastani wa 3.6 kati ya 5. Mwenzangu Mmarekani mweupe, silabasi ile ile, mtihani ule ule, kapata 4.3. Maoni karibu yote kwangu ni "haeleweki" na "lafudhi yake". Mtihani wa kuzungumza Kiingereza niliufaulu vizuri. Tatizo ni mimi au ni wao?

Ndugu yetu, huenda ni pande zote mbili. Kabla ya kujilaumu zitenganishe, maana kila upande una dawa yake.

Anza na jaribio ambalo kila mwalimu mgeni angefaa alijue. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha matokeo ya kuwasikilizisha wanafunzi mhadhara mfupi uliorekodiwa. Sauti ilikuwa moja tu, ya mwanamke aliyezaliwa na Kiingereza, tena mtu wa Ohio, huko huko uliko. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mweupe kuwa ndiye mwalimu, kundi jingine likaonyeshwa picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliooneshwa sura ya Kiasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na walipopewa mtihani wa kuelewa wakafanya vibaya zaidi. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni matarajio yao, na matarajio yalishuka mpaka kwenye usikivu wenyewe.

Sasa pima darasa lako. Chagua dakika 10 za mhadhara ambazo utaeleza hoja moja kwa mdomo, bila slaidi. Ukimaliza, gawa karatasi yenye maswali 3 mafupi juu ya ulichosema, na la nne liwe: "Umeyaelewa maelezo haya kwa kiasi gani, 1 hadi 5?" Wasiandike majina. Rudia katika wiki tatu tofauti. Wakijibu maswali 3 sawasawa huku la nne wakikupa 2, una ushahidi kwamba wanaelewa na hawaamini kwamba wameelewa. Zihifadhi karatasi hizo, utazihitaji. Wakikosa maswali, usikate tamaa wala usikiri kosa bado, kwa sababu jaribio la Rubin linaonyesha kwamba hata kukosa kunaweza kutokana na sura. Mpe mtu wa kituo cha mafunzo ya ufundishaji chuoni sauti peke yake, asijue ni nani, akuambie maneno gani yalimpotea.

Yakipotea, mara nyingi kisa ni mkazo wa neno kuliko herufi. Sisi tumezoea mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kila siku. Kiingereza huuhamisha huku na huko, na Mmarekani huutegemea sana mkazo huo kulitambua neno. Istilahi ya takwimu ikitamkwa kwa mkazo wa Kiswahili, kwake inakuwa neno jingine. Kabla ya kipindi andika istilahi 8 hadi 10 zitakazotumika, zisikilize kwenye kamusi yenye sauti, kisha ziandike pembeni mwa ubao na uziache hapo saa nzima. Tua kidogo kabla na baada ya kila moja. Namba nazo ni mtego: 13 na 30, 15 na 50 kwa Kiingereza hukaribiana mno, kwa hiyo katika somo lako usitaje namba yoyote bila kuiandika. Programu ya slaidi ikiwa na maandishi ya papo kwa papo, yawashe.

Jambo la tatu ni wiki ya kwanza. Okim Kang, Rubin na mwenzao walionyesha mwaka 2015 kwamba wanafunzi wa Marekani wakikutanishwa na walimu wasaidizi wa kigeni katika shughuli fupi ya kushirikiana, nje ya mhadhara, huwapa alama bora zaidi za kueleweka. Basi kipindi cha kwanza usihutubie kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tenga dakika 20 za kutatua tatizo moja wawili wawili, nawe upite kila meza na uzungumze na kila mtu walau sentensi mbili.

Mwisho, hiyo 3.6. Omba idadi ya waliojibu na jinsi alama zilivyotawanyika. Chukua mfano wa watu 10: 5, 5, 5, 4, 4, 4, 4, 3, 1, 1. Wastani ni 3.6. Ondoa hao wawili waliotoa 1, unapata 4.25, yaani karibu sawa na mwenzako. Hatusemi uwafute. Tunasema wastani wa watu 10 unaweza kubebwa na watu 2, na kwa kuutazama peke yake huwezi kujua kama darasa zima lina shida na wewe au ni hao wawili tu.

Ninawasoma kutoka London. Kila mara tunaambiwa wahadhiri weusi hupewa alama ndogo kwa sababu ya ubaguzi. Mbona hamsemi kwamba huenda baadhi yao wanafundisha vibaya?

Tunasema. Ni swali halali, na tafiti nyingi zinazotajwa hazilijibu.

Mwaka 2005 Daniel Hamermesh na Amy Parker walichambua madarasa 463 ya walimu 94 wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakakuta wahadhiri wa makundi ya wachache, na wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wana alama za chini. (Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya uzuri wa sura, na ndiyo, wenye sura nzuri walipata zaidi.) Mwaka 2010 Landon Reid alitazama tovuti ambayo wanafunzi wa Marekani huwapimia walimu wao, kwa walimu wa vyuo 25, akakuta Weusi na Waasia wakiwekwa chini kwa ubora, msaada na uwazi, lakini juu kwa "urahisi". Huko Australia, uchambuzi wa fomu 523,703 za chuo kikuu kimoja uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha pengo dhidi ya wanawake na dhidi ya walimu wasiozaliwa na Kiingereza. Zote tatu zinaonyesha pengo lipo. Hakuna hata moja inayoweza, kwa namba hizo peke yake, kukuambia kwa nini lipo.

Kinachojibu swali lako ni majaribio yanayoshikilia ufundishaji usibadilike. La Rubin tumelieleza hapo juu. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, wachumi watatu waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu kutazama mihadhara ya video yenye slaidi zile zile na maneno yale yale, ila wahadhiri wa rangi na jinsia tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na alama zilifuata rangi ya mhadhiri ilhali somo lilikuwa moja. Nchini Marekani, Bavishi, Madera na Hebl waliwapa wanafunzi wasifu wa kazi wa profesa ambaye hawajawahi kumwona, na profesa aliyetambulishwa kama Mmarekani mweusi akapewa alama za chini za umahiri. Hapo hajafundisha hata dakika moja, kwa hiyo huwezi kusema kafundisha vibaya.

Haki ituongoze kusema pia kwamba majaribio hayatoi jibu moja. Yapo yaliyokuta mhadhiri mweusi akipewa alama sawa au hata zaidi kwenye vipengele fulani. Upendeleo huu hubadilika kwa somo, kwa chuo, kwa mchanganyiko wa wanafunzi. Ndiyo maana tunawaonya wasomaji wasichukue pengo la utafiti mmoja wakalijumlisha kwenye alama za mtu fulani.

Na kuna jambo ambalo mjadala huu husahau. Hata bila rangi, fomu hii si kipimo kizuri cha kujifunza. Bob Uttl na wenzake walikusanya tafiti zilizopita mwaka 2017 wakakuta uhusiano kati ya alama za mwalimu na kiasi wanafunzi walichojifunza ni kama haupo. Madaktari wa Münster, Ujerumani, waliweka gramu 500 za biskuti za chokoleti kwenye baadhi ya vipindi vya kozi moja ya udaktari, na vikundi vilivyokula biskuti vikaipa kozi nzima alama za juu, hata vitabu na vifaa vyake. Kwa upande wa pili, Fairlie, Hoffmann na Oreopoulos walionyesha mwaka 2014, kwa data za De Anza College huko California, kwamba pengo la kuacha kozi na kufaulu kati ya wanafunzi weupe na wa makundi ya wachache lilipungua kwa asilimia 20 hadi 50 pale mwalimu alipokuwa wa kundi la wachache. Fomu ya mwisho wa muhula haina kisanduku cha kuandika jambo la namna hiyo.

Mimi ni mhadhiri, mwanamke Mkenya, nafundisha Maryland. Wanafunzi wananiita kwa jina langu la kwanza, lakini wenzangu wanaume weupe wanawaita "Profesa". Kila nikirudisha kazi, foleni ya kubishania alama haiishi. Nikikaza, fomu zinasema mimi ni mkali. Nikilegeza, wanasema sijui somo. Nifanyeje?

Mwalimu, mtego wako unajulikana na una pande mbili kama ulivyoueleza. Hatutakuambia utabasamu zaidi. Fanya mambo ambayo yanaondoa hukumu mikononi mwa hisia na kuiweka kwenye maandishi.

Jina kwanza. Usisubiri kosa ndipo usahihishe, kwa sababu siku hiyo utaonekana umekasirika. Liweke kwenye silabasi, juu kabisa: "Niite Profesa fulani au Daktari fulani." Liseme siku ya kwanza kwa sentensi moja, na barua pepe zako zote zitie sahihi hivyo hivyo. Kisha lipeleke suala kwenye kikao cha idara, wote mkubaliane namna moja ya kuitwa. Mwenzako mweupe akiwaruhusu wanafunzi wamwite kwa jina la kwanza, anatumia heshima ambayo yeye hupewa bila kuiomba, na gharama yake unailipa wewe darasani kwako. Wengi wao hawalijui hilo mpaka waambiwe.

Kuhusu alama, andika utaratibu wa rufaa kabla ya kazi ya kwanza:

Mwanafunzi asubiri saa 24 baada ya kurudishiwa kazi. Ombi liwe la maandishi, ndani ya siku 7, litaje kipengele cha mwongozo wa kusahihisha na ukurasa wa jibu lake. Kazi yote isahihishwe upya, si swali moja, na alama inaweza kupanda au kushuka. Jibu litatoka ndani ya siku 5 za kazi.

Sentensi ya "kupanda au kushuka" ndiyo hupunguza foleni. Ila lazima uitekeleze kwa haki, na kwa wote. Ukimrudishia mmoja alama 2 mlangoni kwa sababu alilia, utaratibu umekufa. Weka daftari dogo la rufaa: tarehe, kipengele, matokeo. Mkuu wa idara akikuambia "wanafunzi wanalalamika", unamwonyesha maombi 14, yaliyobadilishwa 3, na sababu ya kila moja.

Mwongozo wa kusahihisha wape pamoja na kazi, si baada ya kazi. Wape na mfano mmoja wa jibu la alama ya juu na mmoja wa alama ya kati, vyote uviandike mwenyewe ili usimtumie mwanafunzi yeyote. Ukiweza, funika majina unaposahihisha na uwaambie kwamba umeyafunika. Unajua upendeleo unavyofanya kazi, na mhadhiri naye ana macho.

Sasa fomu yenyewe. Usingoje ya mwisho wa muhula. Katika muhula wa wiki 15, wiki ya 5 au ya 6, wape karatasi yenye maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza hapa, nini kinakuzuia, wewe mwenyewe ungeweza kubadilisha nini. Dakika 10, bila majina. Mwenzako aje aiendeshe, wewe utoke darasani. Kipindi kinachofuata warudishie majibu kwa mdomo: mambo mawili utakayobadilisha, na moja ambalo hutabadilisha pamoja na sababu. Swali la tatu lina kazi yake, humkumbusha mwanafunzi kwamba yeye pia ni sehemu ya darasa. Kinachoharibu zoezi hili ni kuuliza kisha kunyamaza. Ukikusanya karatasi usiseme neno, bora usingeuliza.

Maoni ya mwisho wa muhula usiyasome peke yako usiku. Mpe mwenzako unayemwamini ayasome kwanza, ayagawe mafungu matatu. La kwanza ni tendo linaloweza kuthibitishwa, kama "alirudisha insha baada ya wiki nne". La pili ni hisia bila tendo: "hana mvuto", "haonekani kujiamini". La tatu ni matusi, au maneno juu ya rangi, mwili, nguo na asili yako. Fungu la kwanza lifanyie kazi hata kama aliyeandika hakupendi. La pili linganisha na karatasi za wiki ya 5, kwani kama jambo halikutajwa wakati ule, lina uzito mdogo. La tatu omba kwa maandishi liondolewe, na ubaki na nakala, maana siku ya kikao cha kupandishwa cheo yupo atakayeuliza mbona unasema kuna ubaguzi na hatuuoni.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Minneapolis, wazazi wangu wanatoka Kismayu. Nimejigundua: profesa mweusi akikosea ubaoni naona hajui, mweupe akikosea naona kapitiwa. Nijaze vipi fomu kwa haki?

Kulijua tayari ni nusu ya kazi. Usiijaze fomu dakika ile unayotoka kuona alama yako ya mtihani. Andika maoni kwanza, visanduku vya namba baadaye, na kila maoni yawe na tendo: alifanya nini, mara ngapi, kilikusaidia au kilikuzuia vipi. "Haeleweki" liandike upya: ni mada gani, wiki gani, na wewe ulifanya nini kuelewa. Ukishindwa kulipa tendo, lifute. Kabla ya kutoa namba jiulize ungempa ngapi yule profesa mweupe kwa tendo hilo hilo. Na jaza hata kama muhula ulikwenda vizuri. Walioridhika huwa hawajisumbui, na fomu chache ndizo zinazompa mtu mwenye kinyongo nguvu kubwa kuliko haki yake.

Nimenyimwa mkataba mpya kwa sababu ya tathmini za wanafunzi zinazotaja lafudhi yangu. Je, Marekani kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sehemu ya VII, inakataza mwajiri kubagua kwa rangi na kwa asili ya taifa, na lafudhi huhesabiwa chini ya asili ya taifa. Msimamo wa tume ya shirikisho ya usawa katika ajira, EEOC, ni kwamba uamuzi wa kazi unaweza kusimama juu ya lafudhi iwapo tu lafudhi hiyo inaathiri kwa kiasi kikubwa utendaji wa kazi. Kufundisha ni kazi ya kusema, kwa hiyo chuo kitadai hivyo, na hapo ndipo zile karatasi za maswali 3 tulizomwelekeza ndugu wa Ohio hugeuka ushahidi. Muda ni mfupi: siku 180 tangu uamuzi, au 300 pale jimbo lina chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hiyo. Rufaa ya ndani ya chuo haisimamishi saa hiyo. Muone mwanasheria wa kazi wiki hii, na chama cha wafanyakazi kama unacho.

Mimi ni mkuu wa idara huko Ontario, nimetoka Bukavu. Nina walimu 22, watano si weupe, na kamati inanitaka nipange majina kwa wastani wa tathmini. Naona si sawa lakini sina hoja ya kuwaambia. Tuache fomu kabisa? Au niwaongezee hao watano alama kidogo kufidia?

Hoja unayo, tena ni ya mkoani kwako. Juni 2018 msuluhishi William Kaplan alitoa uamuzi katika mgogoro wa Ryerson University ya Toronto, ambayo sasa inaitwa Toronto Metropolitan University, kwamba tathmini za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kumpandisha mtu cheo au kumpa ajira ya kudumu. Alikubali kwamba mwanafunzi ni shahidi mzuri wa mambo aliyoyapitia. Alichokataa ni wastani kugeuzwa kipimo cha kazi ya mwalimu. Uamuzi huo unaibana Ryerson, haukibani chuo chako, lakini kamati yoyote ya Ontario itausikiliza. Mwaka huo huo University of Southern California iliacha kuzitumia moja kwa moja katika kupandisha vyeo, na mwaka 2019 University of Oregon ikabadili fomu yake kuwa ya uzoefu wa mwanafunzi. Chama cha Wanasosholojia wa Marekani nacho kilitoa tamko mwaka 2019 dhidi ya kuzitegemea peke yake.

Kuongeza alama, hapana. Anne Boring, Kellie Ottoboni na Philip Stark walieleza mwaka 2016, kwa upande wa jinsia, kwamba upendeleo haurekebishiki kwa hesabu, kwa sababu hubadilika kwa somo, kwa jinsia ya mwanafunzi, na kwa mambo mengine mengi. Ukimwongezea kila mmoja 0.3, yuko ambaye hakuonewa na umempa bure, na yuko aliyeonewa kwa 0.8 ukampa chenji. Na siku habari itakapotoka, hao watano wataitwa waliobebwa.

Kuacha fomu kabisa nako hatukushauri. Utapoteza habari za kweli: mwalimu gani hafiki darasani, yupi harudishi kazi. Badilisha yafuatayo.

Maswali. Futa "Kwa jumla, mwalimu huyu ni bora kiasi gani?" Swali hilo ndilo mlango mpana wa dhana zote. Uliza alichoshuhudia mwanafunzi: kazi zilirudishwa ndani ya muda gani, vigezo vilitolewa kabla ya kazi au la, ulipata nafasi ya kuuliza. Usimuulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mwalimu analijua somo. Hana namna ya kujua, na pale asipojua, hujaza kwa sura.

Kipimo. Lauren Rivera na András Tilcsik walikuta kwamba chuo kimoja kilipobadili kipimo cha ngazi 10 kuwa cha ngazi 6, pengo la alama kati ya wanaume na wanawake lilipungua sana katika masomo yenye wanaume wengi. Hilo ni la jinsia. Kwa rangi usiahidi, lakini kubadili hakugharimu kitu.

Maneno ya onyo juu ya fomu. Katika Iowa State University onyo fupi kuhusu upendeleo lilipandisha alama za wanawake katika kozi zilizojaribiwa. Huko Ufaransa, ujumbe wa jumla wa "msibague" haukufua dafu, ila ule uliotaja upendeleo uliokwisha kuonekana chuoni hapo ndio uliofanya kazi. Ukiliweka, taja mambo ya idara yenu, na usilitegemee peke yake.

Ripoti. Kamati isione wastani. Ione idadi ya waliojibu kati ya waliosajiliwa, mtawanyo wa kila ngazi, na kama kozi ni ya lazima au ya hiari. Waliojibu wakiwa chini ya 10, namba zisitolewe kabisa. Mwalimu alinganishwe na yeye mwenyewe miaka iliyopita katika kozi ile ile, si na mwenzake wa kozi nyingine. Matusi yaondolewe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa kanuni iliyoandikwa, kabla mwalimu hajayaona.

Halafu jaza pengo, na hapa ndipo idara nyingi hulegea kwa sababu ni kazi. Kila mwalimu atembelewe na wenzake wawili, kwa siku tofauti, wakiwa na karatasi moja ya vigezo iliyokubaliwa na idara. Wakutane naye dakika 20 kabla wajue lengo la kipindi, na dakika 20 baadaye. Upendeleo uliomo kwa mwanafunzi umo pia kwa mwenzako, kwa hiyo watu wawili bila karatasi ya vigezo ni maoni mawili tu. Jalada la mwalimu liwe na silabasi, kazi tatu za wanafunzi wa viwango tofauti zilizosahihishwa, na ukurasa mmoja wa nini kilibadilishwa na kwa nini. Walimu 22 mara ziara mbili ni ziara 44. Ukizigawa kwa miaka miwili ni 22 kwa mwaka, yaani ziara moja kwa kila mwalimu.

Nafundisha Dar es Salaam. Haya mambo ya rangi yanatuhusu? Wanafunzi wangu wote ni Watanzania na sisi wahadhiri karibu wote ni weusi.

Usiyachukue kama yalivyo. Pengo lililopimwa Ohio au Pretoria lina historia ya huko. Ila fomu ni ile ile, na mwanafunzi asiyejua ajaze nini hujaza kwa anachokiona: umri, jinsia, cheo. Katika North Carolina State University, wakufunzi wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina kwa baadhi ya makundi, na kazi zikarudishwa kwa wakati mmoja kwa wote. Kwa "kurudisha kazi kwa wakati", jina la kiume lilipata 4.35 na la kike 3.55. Wanafunzi walikuwa 43 tu, usijenge nyumba juu yake. Lakini kipengele kile ndicho cha kuanzia kwako: chukua fomu za idara za miaka mitatu, tafuta swali moja ambalo jibu lake linathibitika kwa kumbukumbu, kwa mfano tarehe za kurudisha kazi, kisha linganisha kumbukumbu hizo na alama za walimu wanawake na wanaume, vijana na wazee. Pale kumbukumbu zinapolingana na alama zinapotofautiana, hapo pa kuchimba.